Kwa mnaoanza Kerbal Space Program: pua ya roketi haionyeshi uendako

Karibuni, ninyi mnaoanza Kerbal Space Program, mchezo wa kompyuta wa kuunda roketi na kuzirusha angani. Kila linapoingia kundi jipya, sisi tuliotangulia huyaona makosa yale yale yakirudi kwa mpangilio ule ule, hata ikawa mtu akituma picha ya roketi yake, kabla hajaandika swali, tunajua imeangukia wapi. Nayaandika kwa sababu nawapenda wageni, na kwa sababu nimechoka kuona watu wenye akili nzuri wakiuacha mchezo huu mapema kwa jambo ambalo lingeelezeka kwa aya chache. Takriban makosa yote hayo yana mzizi mmoja: mgeni huendesha roketi kama gari, akiielekeza pua kule anakotaka kufika, kisha akakanyaga mafuta.

1. Obiti ni mwendokasi wa kando kabla ya kuwa kimo. Angahewa ya Kerbin, sayari mnayorukia mchezoni, huishia kilomita 70, kwa hiyo mgeni hupanda wima mpaka 100, hushangilia, kisha hushangaa roketi inaporudi chini ilikotoka. Ili kubaki kwenye obiti ya kilomita 80 unahitaji takriban mita 2,280 kwa sekunde za kwenda sambamba na ardhi, na mwendo wa kupanda wima haukupi hata mita moja kati ya hizo. Anza kuinama mapema, pole pole, ili ukifika kilomita 10 hivi uwe umeinama nusu ya njia, na uiname kuelekea mashariki, kwa sababu Kerbin inayozunguka tayari imekupa takriban mita 175 kwa sekunde upande huo kabla hujawasha injini.

Hilo halikubuniwa kwa ajili ya mchezo. Dunia yetu kwenye ikweta inazunguka kwa takriban mita 465 kwa sekunde, na ni sababu mojawapo iliyowaleta Waitalia kwenye Ghuba ya Ngwana, karibu na Malindi, ambako jukwaa la San Marco lilisimama baharini likiwa na Bahari ya Hindi tupu upande wa mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru wake, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani, nayo ikaitwa Uhuru. Kwa hiyo msomaji wa Malindi anayeinamisha roketi yake mashariki anafuata njia iliyopita mbele ya mji wake.

2. Roketi isipofika, punguza mzigo kabla ya kuongeza matangi. Mlinganyo alioutangaza Konstantin Tsiolkovsky mwaka 1903 hauna huruma. Chukua injini ya Terrier: roketi ikiwa na uzito mara mbili ikijaa mafuta kuliko ikiwa tupu, unapata takriban mita 2,345 kwa sekunde za delta-v, yaani jumla ya mabadiliko ya mwendo ambayo mafuta yako yanaweza kukupa. Ukitaka kiasi kama hicho tena kwa injini ile ile, uwiano uwe mara nne. Ukitaka tena, mara nane. Ndiyo maana roketi yenye nguzo 12 za matangi pembeni hulemewa na uzito wake yenyewe. Na tafadhali, msiifunge Terrier kwenye hatua ya kwanza, yaani sehemu ya roketi inayowaka mwanzo. Ni injini ya ombwe: ufanisi wake, ambao kwa injini za roketi hupimwa kwa sekunde, ni 345 angani lakini hushuka hadi 85 kwenye usawa wa bahari, na kila wiki kuna mtu anayeuliza kwa nini roketi yake inatoa moto bila kuinuka.

3. Hakikisha mwavuli hauko kwenye hatua moja na injini ya kwanza, usije ukafunguka injini inapowaka. Bonyeza F5, kitufe cha kuhifadhi mchezo, kabla ya kila tendo la hatari. Chombo kisicho na rubani kisipokuwa na paneli za jua kitakufa betri ikiisha, hata tanki likiwa limejaa.

4. Sasa tufike kwenye kukutanisha vyombo viwili kwenye obiti, ambapo wageni wengi hukata tamaa, na ambapo nitakaa kidogo.

Kijana mmoja alituonyesha kioo cha kompyuta yake wakati akijaribu. Obiti yake ilikuwa safi kabisa, duara la kilomita 100, na kituo alichotaka kukifikia kilikuwa kwenye duara hilo hilo, kilomita 30 mbele yake. Alifanya ambalo lingefanywa na mtu yeyote aliyezoea ardhi: akaielekeza pua kwenye ile alama ya waridi ya shabaha katikati ya tufe la uelekeo, lile linaloonyesha chini ya kioo pua imeelekea wapi, akaongeza mwendo kwa mita 50 kwa sekunde. Namba ya umbali ikaanza kushuka vizuri, 29, 28, 27, naye akawa anatusimulia kwa furaha jinsi atakavyounganisha vyombo. Kwenye 24 hivi namba ikasita. Kisha ikasoma 25. Akaielekeza tena pua kwenye shabaha, ambayo sasa ilionekana imeshuka chini yake, akawasha injini kwa muda mrefu zaidi, na namba ikapanda kwa kasi zaidi. Aliendelea hivyo mpaka tanki likawa tupu na kituo kikazama nyuma ya upeo wa Kerbin, naye akawa kimya kabisa. Nilimhurumia sana, kwa sababu mkono wake ulikuwa mtulivu na kila alichokifanya kilikuwa na mantiki. Mantiki yenyewe tu ndiyo isiyofanya kazi huko.

Sababu ni hii. Ukiongeza mwendo kwenye obiti, njia yako inainuka upande wa pili wa sayari, inakuwa ndefu zaidi, na unaizunguka kwa muda mrefu zaidi. Mzunguko mmoja wa kilomita 100 huchukua takriban sekunde 1,960, sawa na dakika 33 hivi. Zile mita 50 alizoongeza ziliuchelewesha mzunguko wake kwa zaidi ya dakika mbili, na ndani ya muda huo kituo kilikuwa kinakwenda zaidi ya kilomita mbili kila sekunde. Hesabu inatoa pengo la takriban kilomita 315 kwa kila mzunguko, kwa kitendo kilichokusudiwa kufuta kilomita 30.

Alichotakiwa kufanya ni kinyume chake, na ni kidogo mno: kugeuza pua nyuma ya mwendo na kupunguza takriban mita 5 kwa sekunde. Periapsisi yake, yaani sehemu ya chini kabisa ya obiti, ingeshuka hadi kilomita 93 au 94, bado juu sana ya angahewa; mzunguko wake ungefupika kwa sekunde 13 hivi, na mwisho wa mzunguko mmoja angekikuta kituo kipo pale pale anapofika. Aliye nyuma hupunguza mwendo ili awahi. Aliye mbele huongeza mwendo ili asubiri. Rudieni sentensi hiyo mpaka iache kuwaudhi.

Ukishafika karibu, weka tufe la uelekeo kwenye hali ya shabaha, geukia kinyume cha mwendo wako kwa shabaha, na uwashe injini mpaka namba ikaribie sifuri. Hapo ndipo, mkiwa mmebakiwa na kilomita moja au mbili na mmesimama mkitazamana, kuelekeza pua kwenye shabaha na kusukuma taratibu kunakubalika, kwa sababu umbali ni mfupi na muda ni mchache kiasi kwamba umbo la obiti haliwahi kuwaharibia.

Anayeona aibu kwa kosa hili na ajue limetendwa na watu wakubwa. Tarehe 3 Juni 1965 James McDivitt, mhandisi na rubani wa majaribio, alijaribu kukirudisha chombo cha Gemini 4, cha Marekani, kwenye hatua ya pili ya roketi yake mwenyewe, iliyokuwa ikielea karibu naye. Aliielekea na kusukuma, nayo ikawa inamtoka; jaribio likaachwa baada ya kula mafuta mengi. Nadharia ilikuwepo tayari, maana Buzz Aldrin alikuwa amekamilisha tasnifu yake kuhusu suala hilo hilo huko chuo kikuu cha MIT mwaka 1963, lakini kuijua nadharia na kuuzoeza mkono ni kazi mbili tofauti. Miezi sita baadaye, tarehe 15 Desemba, Wally Schirra na Tom Stafford ndani ya Gemini 6A walikifuata chombo cha Gemini 7 kutoka kwenye obiti ya chini yake, wakakisogelea mpaka sentimita 30 hivi. Kilichobadilika ni njia ya kukaribia. Nawaomba muwe na subira hiyo hiyo, na msisakinishe modi ya kuongoza roketi yenyewe kabla hamjakutanisha vyombo kwa mikono yenu, kwa sababu itawafikisha bila kuwafundisha mlivyofika.

5. Tueni Minmus kabla ya Mun; hiyo ni miezi miwili ya Kerbin. Wageni hukimbilia Mun kwa kuwa iko kilomita 12,000 kutoka kitovu cha Kerbin, wakati Minmus iko 47,000, lakini huko juu umbali unaotugharimu hupimwa kwa delta-v. Kutoka obiti ya chini mpaka kutua Mun ni takriban mita 1,750 kwa sekunde. Mpaka kutua Minmus ni takriban 1,270. Mvutano wa Minmus hauzidi theluthi moja ya ule wa Mun, kwa hiyo ukikosea unapata muda wa kurekebisha, na mabonde yake yamesawazika kama sakafu. Bei yake ni kwamba obiti yake imeinama nyuzi 6. Sawazisha obiti yako na yake kwanza, pale njia hizo mbili zinapokatana.

6. Ukiuliza swali, tuonyeshe roketi nzima kutoka ubavuni, orodha ya hatua ikiwa imefunguliwa ili tuone delta-v na uwiano wa msukumo kwa uzito wa kila moja, na utuambie apoapsisi (sehemu ya juu kabisa ya obiti) na periapsisi zako wakati mambo yalipoharibika. “Haifanyi kazi” haitusaidii chochote. Nanyi wenzangu wa zamani, mgeni akileta maelezo hayo yote, msimjibu kwa kumtumia faili la roketi yenu iliyokamilika. Mwonyesheni hatua iliyo dhaifu, mpeni namba anayopaswa kuifikia, kisha mwacheni aijenge upya mwenyewe, hata kama itamchukua usiku mzima.