Meneja ananitaka niandike barua ya kuacha kazi kwa sababu ya mimba

SWALI: Mimi ni mhudumu kwenye hoteli moja hapa Dodoma. Nina mwaka na miezi minne kazini, sina mkataba wa maandishi. Mimba yangu ina wiki 25. Tangu meneja ajue, ananipanga zamu za usiku mfululizo na kunibebesha kreti za soda. Juzi kaniambia niandike barua ya kuacha kazi, eti nikishajifungua atanirudisha. Nifanye nini?
Mama Kijacho, Area C

JIBU: Dada, barua hiyo usiiandike, hata uahidiwe nini. Ukishaisaini itaonekana umeacha kazi kwa hiari, na mzigo wa kuthibitisha kwamba ulishinikizwa utakuwa wako. Akikuachisha yeye, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka yeye athibitishe kwamba alikuwa na sababu halali, na sheria imetamka wazi kuwa ujauzito si sababu halali. Ndiyo maana anataka barua itoke kwako.

Kukosa mkataba wa maandishi kusikutishe. Kwenye shauri, mwajiri asiyeweza kuonyesha maandishi ndiye anayebeba jukumu la kuthibitisha au kukanusha masharti ya ajira unayodai. Wewe tunza meseji za mshahara, kitambulisho cha kazi, na picha za ratiba ya zamu, ya kabla hajajua na ya sasa.

La haraka ni likizo. Taarifa inatakiwa imfikie mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, ikiwa na cheti cha daktari. Hadi wiki ya 40 umebakiza wiki 15, na miezi mitatu ni wiki 13. Kwa hiyo una wiki mbili tu. Wengi hupeleka kopi ya kadi ya kliniki wakadhani yatosha. Omba cheti chenyewe, chenye tarehe ya matarajio.

Siku hiyohiyo mweleze daktari habari ya usiku na kreti. Sheria inakataza mjamzito kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi katika miezi miwili ya mwisho, na wewe hujafika huko. Kabla ya hapo unahitaji cheti kinachosema hali yako hairuhusu. Kazi ya kuhatarisha afya yako au ya mtoto imekatazwa wakati wote.

Barua iwe fupi: «Nina ujauzito, natarajia kujifungua tarehe fulani. Naomba likizo ya uzazi kuanzia tarehe fulani. Kwa ushauri wa daktari, naomba nipangiwe zamu za mchana na nisibebe mizigo. Cheti nimeambatanisha.» Likizo inaweza kuanza wiki nne kabla ya kujifungua, ni siku 84 zenye malipo, 100 kwa pacha. Toa nakala mbili, yako igongwe muhuri au isainiwe na tarehe. Wakikataa kupokea, tuma kwa rejista ya Posta na utunze risiti.

Ukiachishwa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), ofisi ipo hapa Dodoma, ndani ya siku 30. Jaza fomu namba 1, mpe mwajiri nakala kwanza, kisha uiwasilishe pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Hapa ndipo kesi nyingi nzuri hufia: meneja anasema «subiri Bunge la bajeti liishe, tutaongea», dada wa watu anasubiri, siku zinapita. Ukichelewa utaanza kwa kuomba kuongezewa muda, ukieleza kila siku iliyopotea. Kama wewe ni mwanachama wa CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli, mwone kiongozi wake sasa, ukiwa bado kazini.

Kwa wasomaji wenye chini ya miezi sita kazini: kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haiwahusu, ila ubaguzi kwa sababu ya ujauzito umekatazwa kwa kila mfanyakazi. Fomu yenu idai ubaguzi, nanyi msingoje, ipelekeni ndani ya siku hizohizo 30.