Kalenda kwanza, kandarasi baadaye: kwa wakili anayeanza kazi ya ununuzi wa umma Kenya

Wakili mgeni katika kazi hii huifungua kandarasi na kukimbilia vipengele vya fidia, usuluhishi na majanga. Kufikia hapo mengi yameshaamuliwa. Masharti ya kandarasi huwa ndani ya hati za zabuni, na kamati ya tathmini hairuhusiwi kutumia kigezo ambacho hakikuandikwa humo. Kwa hiyo ukiwa upande wa taasisi ya umma, omba hati kabla ya tangazo kutoka, na kila kigezo kiulizie swali moja: watu wawili wakikisoma, watatoa alama ileile? "Uzoefu wa kutosha" ni kesi inayosubiri siku yake. "Barabara mbili za lami za kilomita 10 au zaidi, zilizokamilika katika miaka mitano iliyopita" ni kigezo.

Kisha chora kalenda. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015 inaipa tathmini siku 30 zisizozidi. Kifungu cha 135 kinataka kandarasi isitiwe saini kabla ya siku 14 kupita tangu taarifa ya ushindi, tena itiwe saini zabuni ikiwa bado hai, yaani ndani ya muda ambao zabuni inamfunga aliyeileta. Uhai huo huweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 30, na ukishakwisha hakuna cha kuongeza. Hapa ndipo zabuni nzuri nyingi hufia: faili inakaa mezani ikisubiri maoni ya kitaalamu ya mkuu wa ununuzi, na hakuna anayeangalia tarehe. Iandike tarehe ya mwisho juu ya jalada, kwa wino mwekundu ikibidi.

Siku huhesabiwa bila kujumuisha siku ya tukio lenyewe. Barua za matokeo zikitolewa Jumatatu tarehe 3 Machi 2025, siku ya kwanza ni tarehe 4 na ya kumi na nne ni tarehe 17. Saini ya mapema kabisa ni tarehe 18. Aliyeshindwa naye ana siku 14 hizohizo za kupeleka ombi kwa Bodi ya Mapitio, chombo kinachosikiliza malalamiko ya zabuni, na akichelewa hata siku moja Bodi haina mamlaka ya kumsikiliza. Basi washiriki wote wapewe barua siku moja, na ushahidi wa kuzipokea uwekwe kwenye faili.

Barua yenyewe isomeni kwa makini, maana ndiyo inayozaa mashauri mengi. Ieleze ni nani aliyeshinda na kwa nini huyu anayeandikiwa hakushinda. "Hukutimiza masharti" haimwambii kitu. "Dhamana ya zabuni uliyoleta inaisha siku 12 kabla ya tarehe iliyotakiwa" inamwambia, na mara nyingi inamtuliza.

Ukimwakilisha mzabuni aliyeshindwa, kifungu cha 170 kinataja wahusika wa ombi. Usiishtaki taasisi peke yake. Mtaje afisa mhasibu wake, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi. Maombi yamewahi kutupwa nje kwa kosa hili bila hoja hata moja kusikilizwa. Kwa aliyeshinda, mwambie waziwazi: barua ya ushindi si kandarasi. Asipeleke mitambo, asichukue mkopo, hadi saini zote mbili ziwepo. Na kandarasi ikizidi shilingi bilioni tano, ipitie kwanza kwa Mwanasheria Mkuu.

Wafadhili wa mradi watauliza shauri linaweza kuchukua muda gani. Jumlisha: siku 14 za kulalamika, 21 za Bodi kuamua, 14 za kwenda Mahakama Kuu, 45 za hukumu, saba za kukata rufaa, 45 nyingine za Mahakama ya Rufani. Ni siku 146, na ziwemo kwenye ratiba ya mradi tangu mwanzo.

Baada ya saini huja mabadiliko, na hapa sharti ukae karibu na mhandisi. Bei haipandi ndani ya miezi 12 ya kwanza. Kiasi cha bidhaa au huduma kisiongezeke kupita asilimia 15, cha ujenzi asilimia 20, na nyongeza zote zikijumlishwa zisivuke asilimia 25 ya bei ya awali. Kandarasi ya milioni 100 basi haiendi juu ya milioni 125. Ziada yake hutangaziwa zabuni mpya. Weka jedwali la nyongeza tangu ya kwanza, kwa sababu tatizo huja kidogokidogo: milioni nane za mtaro, sita za kalvati, 12 za udongo mbovu, na tayari mko milioni 126. Mhandisi asitoe agizo la mdomo. Mkandarasi aliyekwisha kumwaga zege kabla ya idhini ataleta ankara, na afisa mhasibu hatakuwa na karatasi ya kuilipia.