Kuvu kwenye lenzi na dawa ya meno

Swali: Assalaam alaykum, fundi. Nimerithi kamera ya filamu, Agfa Clack, ya marehemu babu, imekaa kabatini miaka mingi ndani ya mkoba wake wa ngozi. Lenzi imeota kuvu na kifyatulio kinakwama. Fundi simu ameniambia niisugue kwa dawa ya meno, kisha nitie mafuta ya cherehani. Je, nifanye hivyo? (Msomaji, Wete)

Jibu: Waalaykumu salaam, mwanangu. Usifanye, tafadhali.

Ushauri huu wa dawa ya meno nausikia kila masika, na kila mara unanikera. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia. Lenzi ya Clack ni kigae kimoja tu cha kioo, na ukishakikwaruza hakuna kingine cha kukusaidia. Niliwahi kuletewa kamera ya sanduku iliyosuguliwa hivyo: nilipoimulika tochi kwa upande, kioo kizima kilikuwa miduara ya mikwaruzo, na picha zikatoka kama zimepigwa ndani ya moshi. Kuvu yenyewe haikuwa imeharibu sana.

Kuvu ni kiumbe hai. Hula vumbi na mafuta ya vidole, na ikikaa sana hutoa asidi inayochimba kioo. Alama iliyochimbwa haifutiki. Inayofutika, ile yenye nyuzi kama utando wa buibui, chukua kitambaa cha miwani chenye spiriti kidogo, ufute kutoka katikati kwenda nje bila kukandamiza.

Mafuta ya cherehani nayo yaache. Shata ya kamera hizi, yaani ule mlango unaofunguka kuingiza mwanga ukibonyeza kifyatulio, ni kibati na springi, imeundwa ifanye kazi kavu. Mafuta hunasa vumbi, wiki mbili baadaye inaganda kabisa. Petroli ya kiberiti cha sigara, tone moja kwenye ncha ya kijiti cha pamba, huondoa uchafu na kukauka.

Ule mkoba wa ngozi ndio ulioilea kuvu, kwani ngozi hushika unyevu. Wengi hapa Unguja na Pemba wanautunza pamoja na kamera kwa sababu ni mzuri, na wauzaji wanautaja kama sifa. Ukiambiwa kamera "imefanyiwa usafi", mulika lenzi kwanza kabla ya kutoa pesa. Na kama inatumia filamu ya ukubwa uitwao 620, jua kwamba Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 1995. Yako inatumia 120, ambayo bado inatengenezwa. Inatoa picha nane za sentimita 6 kwa 9. Kamera yako iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.