Kabla hamjawafungia, tuulize kiki analipa nani

Wafungiwe, tena leo kabla ya adhuhuri. Hilo ndilo lililonitoka, mhariri, niliposoma swali lenu la wiki: je, mastaa wa mitandaoni wanaozusha vioja ili wapate kiki, yaani wazungumziwe na kila mtu, wafungiwe akaunti zao? Nina sababu, na sababu yenyewe ni gauni la satini rangi ya zumaridi. Nitaeleza, ila msinikatize, maana nikihadithia kwa ufupi watu huniambia, "Aah, mambo ya mitandao hayo, achana nayo." Niachane nayo vipi wakati namba yangu ya simu ilionekana?

Mimi ni fundi cherehani, fremu yangu iko Mwananyamala, Dar es Salaam. Nashona magauni ya sendofu, sare za kamati za harusi, madera ya akina mama wa vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Siku hiyo lilisimama gari jeupe, likabaki linanguruma mlangoni ili kiyoyozi kisizime, akashuka dada mmoja ambaye wengi wenu mnamfahamu. Simtaji. Ni mtoto wa kishua, na hilo si umbea wangu, yeye mwenyewe ndiye anayepiga picha kwenye bwawa la kuogelea la kwao. Kijana wangu ninayemfundisha kazi alipomwona nusura ajichome pasi.

Dada akanionyesha picha kwenye simu, gauni la zulia jekundu, kifua kimesimama chenyewe bila mkanda, nyuma mkia unafagia sakafu. Halafu akatoa kitambaa kwenye mfuko. Yadi tatu. Wenzangu mafundi wanaosoma hapa wameshacheka. Mshono ule unakula yadi sita, ukibana sana tano na nusu, kwanza kwa sababu ya mkia, pili kwa sababu satini haikatwi hovyo. Vipande vyote lazima vielekee upande mmoja, la sivyo ukisimama kwenye taa kimoja kinang'aa na kingine kimefifia, gauni linaonekana limeshonwa kwa nguo mbili. Na kile kifua hakisimamishwi na dua. Kuna vyuma vyembamba vinashonewa ndani ya bitana, kimoja kimoja, na kila kimoja kina njia yake.

Nikamwambia yote hayo. Akanijibu, "Fundi, we shona tu, nitakutag. Unajua nina wafuasi wangapi?" Nikamwambia, dada yangu, kunitag hakuninunulii umeme wa Luku. Akacheka, akanipa elfu arobaini, "ya uzi hiyo." Kazi ile bei yake ni laki na ishirini, lakini mnajua tena, kijana wangu ananikonyeza, gari linanguruma, majirani wamesimama. Nikapokea.

Jioni nikamtumia ujumbe wa sauti WhatsApp: kitambaa hakitoshi, ama uongeze yadi tatu Kariakoo ama tutoe mkia. Akanijibu kwa sauti yake mwenyewe, na nyuma muziki unapiga: "Toa mkia fundi, mi nataka tu kifua kikae poa." Nikatoa mkia. Kifua kikakaa. Alikuja kulijaribu, akajigeuza mbele ya kioo changu chenye ufa, akajirekodi, akarekodi na kibao cha mlangoni. Mimi nikajua ndiyo kule kutagiwa.

Siku chache baadaye kijana wangu akaja na simu, hasemi kitu, ananionyesha tu. Video imeandikwa NILICHOAGIZA, NILICHOLETEWA. Kwanza ile picha ya zulia jekundu. Kisha yeye, nywele zimetimuliwa, zipu imeachwa wazi katikati ya mgongo, bitana imechunguliza kwapani, analia. "Wapendwa, hivi ndivyo fundi alivyoniharibia siku yangu." Na katikati ya machozi ameingiza kile kipande cha kibao changu, jina la fremu na namba ya simu, kubwa kama tangazo la chama.

Simu ilianza kabla sijamaliza kuangalia. Mwanza, Arusha, Mombasa. Kuna mama mmoja akiwa Muskati alinipigia usiku kunihubiria kuhusu amana, akanipigia tena kesho yake kumalizia mawaidha. Na chawa wake, huyu wa kumwita malkia kila anapoposti, akanitumia ujumbe kwamba nimpigie malkia magoti mubashara. Wanawake wa kikoba wakaja kuchukua vitambaa vyao vya madera. Walikuja kwa adabu, wakasema kikao kimeahirishwa. Kamati moja ya harusi haikuja hata kuaga.

Kijana wangu akasema, "Mama, tunayo sauti yake." Tukaiweka mtandaoni. Ile sauti yake mwenyewe, toa mkia fundi, na picha yake akiwa amelivaa kwenye kioo changu, limemkaa. Tuliona tumemaliza kesi. Waliotazama walikuwa ndugu zangu, wateja wa zamani na wanafunzi wenzake kijana. Basi. Mtandao ule hauna haja na nani mkweli. Unahesabu umesimama kwenye video muda gani, umekomenti, umemtumia mwenzio. Mtu analia, unasimama. Mtu anaeleza habari za yadi sita, unapita. Hata mimi ningepita.

Lakini kilichonitoa jasho ni sehemu ya tatu (ndiyo, alitoa sehemu ya pili na ya tatu, na zote niliziangalia kwa bando langu). Sehemu ya tatu amesimama ndani ya duka la nguo za kuvaa moja kwa moja, Kariakoo, anatabasamu. "Wapendwa, mimi na mafundi basi." Kisha bei, kisha namba ya duka, kisha punguzo kwa atakayesema ametumwa naye. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba gauni langu halikuharibika wala hakuwahi kuwa na sherehe. Lile lilikuwa tangazo, na mimi ndiye niliyekuwa utangulizi wake. Kwa elfu arobaini ya uzi.

Tangu Julai 2024 sheria yetu inataka malipo ya watengeneza maudhui yakatwe kodi ya zuio ya asilimia 5. Kwa hiyo hata TRA, watoza kodi wetu, wanatambua kwamba machozi yale ni biashara. Sina ugomvi na biashara. Zamani udaku nao ulikuwa biashara, ukitaka kujua nani kafumaniwa unatoa hela mfukoni unanunua gazeti la Ijumaa au la Risasi, na gazeti likikuzushia lina ofisi, lina mhariri, unajua pa kwenda kugonga mlango. Leo msomaji halipi kwa sarafu, analipa kwa bando na kwa saa zake za usiku, na aliyezushiwa hana mlango wa kugonga. Hapo ndipo swali lenu linaponikera kidogo. Mnauliza mwenye kiki afanywe nini. Ningefurahi mngeuliza kwanza kiki ile alilipa nani.

Sasa, nimeandika hadi hapa nikiwa na hasira zangu nzuri tu, halafu nikamkumbuka binti mwingine.

Huyu ni wa mtaani kwetu, wa uswazi kabisa, alikuwa akisuka nywele kibarazani. Naye alitafuta kiki. Alijitangaza laivu kwamba ana mimba ya msanii, akalia vizuri kuliko yule wa kwangu, watu wakajaa. Wiki ile alipata matangazo mawili ya vipodozi. Ikagundulika hana mimba. Watu walewale wakageuka. Mama yake, anayeuza samaki Feri, alitukanwa mbele ya beseni lake. Mwenye nyumba akasema hataki balaa kwake, akawatoa. Sasa hivi binti yuko kwa shangazi yake Handeni, na simu yenyewe aliiuza. Hakuna aliyeandika barua kwa mhariri kumwombea afungiwe. Alishafungiwa na mtaa.

Pima hao wawili. Uongo ni uleule, machozi yaleyale, vipodozi au nguo ni mamoja. Mtoto wa kishua akianguka anaangukia godoro, wa uswazi anaangukia sakafu. Ukimfungia yule wa kwangu akaunti, atafungua nyingine kabla ya chakula cha mchana, atapumzika Dubai hadi tusahau, na kurudi kwake kutakuwa kiki mpya: "nimewasamehe." Ukimfungia binti wa kusuka, umemfungia na riziki.

Na tusijifanye hatujaona kufungia kukoje. Mwaka 2018 zilikuja kanuni za maudhui mtandaoni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Aliyetaka kuendesha blogu au televisheni ya mtandaoni alitakiwa atoe laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja nyingine ya ada ya mwaka. Jumla shilingi 2,100,000. Kwa mtoto wa bwawa la kuogelea hiyo ni wikiendi. Kwangu mimi ni cherehani ya umeme na ovaloki. Mwaka huohuo, Aprili, Mwakyembe, waziri wa habari wa wakati huo, aliliambia Bunge kwamba Diamond Platnumz amekamatwa na kuhojiwa kwa sababu ya video aliyoweka Instagram. Simsemi vibaya Diamond, nauliza tu: yalimpunguza nini? Jirani zetu Wakenya nao, Agosti 2023, mwananchi alipeleka ombi bungeni TikTok ipigwe marufuku. Haikupigwa, na wakati huo walikuwa wameshapitisha kodi ya asilimia 5 kwa watengeneza maudhui wao. Serikali ikishaanza kuchuma mti, haiukati.

Kuna kisa kimoja cha ng'ambo nakipenda kwa sababu na chenyewe kilianzia kwenye gauni. Mei 2024, New York, kwenye Met Gala, hafla ya mitindo ya mastaa, ambako tiketi moja mwaka ule ilikuwa dola 75,000. Mrembo mmoja wa TikTok, Haley Kalil, alikuwa akifanya kazi ya utangazaji wa televisheni kabla ya hafla kuanza. Akavaa gauni la maua la kifalme, na maua mengine kichwani (kazi nzuri, siwezi kusema uongo), akajirekodi akifuatisha kwa midomo maneno ambayo watu humsingizia malkia wa Ufaransa kwamba aliyasema alipoambiwa watu hawana mkate: basi wale keki. Siku hizo Rafah, kule Gaza, inashambuliwa, watu wanahama na magodoro. Akaomba radhi, akasema hata ndani hakualikwa. Watazamaji hawakungoja waziri. Walianza kuwablock mastaa mmoja baada ya mwingine, wakidai kila ukimtazama unamwingizia hela ya matangazo, basi wasitazame. Sidai kwamba walimaliza vita wala kwamba kuna staa aliyelala njaa. Lakini walishika mahali penyewe. Walimnyima macho.

Mnaona ninakoelekea, nami sikupenda kuelekea huko. Maana macho yaliyomlipa yule dada kwa gauni langu ni pamoja na yangu. Na kuna jambo sijalisema kwa sababu linaniharibia hoja. Baada ya sehemu ya tatu walianza kuja wasichana fremuni. Wa kwanza nilidhani kaja kutukana. Akasema, "Fundi, nataka lile la kijani la kwenye video, ila zipu ufunge." Wakaja wengine. Ramadhani ile nilishona zumaridi mpaka ndoto zangu zikawa za kijani, kwa bei yangu kamili, yadi zangu kamili, mkia kwa anayetaka. Wale wa kikoba bado hawajarudi, na sitaki mtu aniambie eti kiki ilinisaidia. Haikunisaidia. Ilinivunjia jina kwa watu wanaonijua, ikanipa wateja kutoka kwa watu wasionijua, na hesabu hiyo mimi siwezi kuifunga.

Kwa hiyo jibu langu, nikiwa nimepoa: hapana, wasifungiwe. Atakayeshika kufuli hatamfungia mtoto wa mkubwa, atamfungia msusi. Nabakiza watu wawili. Anayerekodi watoto wa watu wakilia, na anayetoa simu kwenye ajali kabla hajatoa mkono kusaidia, hao sina utetezi nao. Na ningependa kanuni moja ndogo tu, kwamba mtu akilipwa kulia, aandike juu ya video kwamba amelipwa kulia, na aliyetajwa vibaya humo apewe nafasi ya kujibu hapohapo kwenye akaunti ileile, mbele ya macho yaleyale, si kwenye akaunti ya kijana wangu yenye wafuasi ambao nusu ni binamu zake.

Hilo ndilo jibu la jumla. Ila, mhariri, kama matokeo ya swali hili yatakwenda kwa mtu yeyote mwenye mamlaka ya kubonyeza, ipo akaunti moja ambayo hata leo ikifungwa sitakwenda kuitetea. Jina nitawapa kwa simu. Bado ananidai mkia, mimi namdai elfu themanini.