Magavana watatu siku moja, ilitokea kweli?

SWALI: Mwalimu, hapa stejini Kondele tulikuwa tunabishana juu ya petisheni za magavana, jamaa mmoja akaapa ati kuna jimbo Marekani lilikuwa na magavana watatu siku moja. Ni ukweli ama ni stori za jaba? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Ni ukweli kabisa, ndugu yangu, huyo jamaa mwombeni msamaha. Ni Colorado, Machi 1905, lakini maneno yalianza na uchaguzi wa Novemba 1904. Gavana aliyekuwa kitini, James Peabody wa Republican, alikuwa ametuma wanajeshi wa jimbo wavunje mgomo wa wachimba migodi kule Cripple Creek na watu walimkasirikia sana, manake uchaguzi huohuo Colorado ilimpa Theodore Roosevelt kura ya urais na yeye pia ni Republican, lakini ikifika kwa gavana wakakataa kupiga suti nzima (yaani chama kimoja kwa kila kiti) wakamchukua Alva Adams wa Democrat, akaongoza kwa karibu kura 10,000. Januari akaapishwa.

Peabody akapinga. Na tusidanganyane, kule Denver, mji mkuu wa Colorado, watu wa Democrat waliiba, kuna waliopiga kura mara kadhaa na maafisa wa uchaguzi wakafungwa na korti. Upande ule mwingine nao wenye migodi waliwabana wafanyakazi wao wampigie Peabody, na hiyo kwangu ndiyo mbaya zaidi juu mtu anachagua kati ya kura yake na unga wa watoto.

Sasa sikia. Kwetu petisheni unapeleka Mahakama Kuu ndani ya siku 28, jaji anaamua kwa miezi 6. Kule iliamuliwa na bunge la jimbo, na Republican ndio walikuwa wengi! Hata hivyo wengine wao hawakumtaka Peabody, ikabidi wakubaliane arudishiwe kiti lakini ajiuzulu papo hapo. Kwa hivyo ndani ya saa 24, Machi 16 kuingia 17, Adams akatolewa, Peabody akaingia akatoka, naibu gavana Jesse McDonald wa Republican akachukua kiti akakaa nacho hadi Januari 1907, na hakuna mwananchi hata mmoja aliyekuwa amempigia kura ya ugavana. Huo si uamuzi, ni kugawana.

Umeuliza hilo tu lakini niongeze: Adams, aliyekuwa ameshakuwa gavana mara mbili kabla ya hapo, hakurudi tena. Ni mdogo wake, William, ndiye aliyekuja kuchaguliwa gavana wa Colorado mwaka 1926.