Re: Taima ya hita inawasha saa kumi alfajiri badala ya kumi na moja

Habari ndugu, pole na baridi. Kama nimekuelewa, tangu Jumapili ile ya mwisho ya Oktoba hita inawaka saa nzima kabla, na we unataka kununua taima mpya. Usinunue kwanza! Huku Uingereza saa zilirudishwa nyuma, taima ya kuzungusha yenye vijino haijui hilo, kwa hiyo izungushe mpaka isome saa ya sasa, ila zungusha kuelekea mbele tu, mimi ya kwangu nililazimisha kurudi nyuma ikaharibika. Angalia pia swichi yake iko kwenye taima au imeachwa kwenye kuwaka muda wote.

Ila kwa vile unafanya shifti, hiyo ya saa 24 itakusumbua tu maana inarudia yaleyale kila siku, tafuta ya siku 7. Kama boila yako (mtambo wa kupasha maji) ni kombi, yaani inapasha maji ya bomba papo hapo bila tangi, chaneli moja inatosha, yaani ratiba moja ya hita tu, kama una tangi la maji moto chukua ya chaneli mbili, moja ya hita na moja ya maji. Themostati (kidhibiti joto cha chumba) mi naweka nyuzi 19, ikiwekwa chini ya joto la chumba hita haiwaki hata taima ikiruhusu. Kufunga muachie fundi umeme, mle ndani kuna volti 230, mi sigusi.