Je, Aliyefariki Kabla ya Kubatizwa Ameokoka?

SWALI: Baba yangu, mvuvi wa Likoni, alimkiri Kristo akiwa mgonjwa, akafariki siku 2 kabla ya ubatizo, kanzu yake nyeupe ingali imetundikwa mlangoni. Je, ataingia mbinguni? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Pole sana, dada yangu. Katika Luka 23, mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu hakuwahi kushuka majini, lakini aliahidiwa peponi siku ile ile, kwa kuwa alimwomba Bwana amkumbuke. Ubatizo ni agizo la Kristo, wala hatuudharau. Hata hivyo, Waefeso 2:8 yafundisha kwamba tunaokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, na baba yako, kwa maelezo yako mwenyewe, aliamini. Kanzu hiyo usiione kuwa ushahidi dhidi yake.